Kanuni zikifanana koma kwa koma, kwa nini bado tunaambiwa "usawa haujathibitishwa"?

Jedwali_Refu #1
Wakuu salaam. Kazi yangu ni kuandaa majedwali ya kulinganisha kanuni: kushoto kifungu chao, kulia kifungu chetu, pembeni maelezo. Hupelekwa upande wa pili kwenye mazungumzo ya makubaliano ya kutambuana (MRA), ili kifaa kilichokaguliwa huku kisikaguliwe tena kule. Jedwali la safari hii vifungu vilifanana karibu koma kwa koma, maana sheria yetu ilitungwa kwa kufuata yao. Jibu lililorudi: usawa haujathibitishwa.

Dai langu ni kwamba kulinganisha kanuni ni mapambo, na uamuzi huwa umeshafanyika kabla jedwali halijafunguliwa. Anayeona vingine anieleze: kinachopimwa hasa ni nini?

Zumari #2
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi shukeni.

KalamuNyekundu #3
Mkuu, kabla ya kuita mapambo, tutenganishe aina mbili za makubaliano. Mengi yanayoitwa MRA hayasemi kabisa kwamba kanuni za pande mbili ni sawa. Yanasema hivi: maabara yako ipime bidhaa KWA KANUNI ZANGU, nami nitaipokea ripoti yake. Sehemu ya vifaa vya mawasiliano katika makubaliano ya Ulaya na Marekani ya mwaka 1998 ni ya namna hiyo. Mtengenezaji bado anatimiza masharti ya soko analouzia, ila hasafirishi tena sampuli kwenda kupimwa ng'ambo.

Usawa wa kanuni ni jambo jingine na ni gumu zaidi: napokea bidhaa iliyotengenezwa kwa kanuni ZAKO kwa sababu nimeridhika zinafikia lengo langu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa Vikwazo vya Kiufundi vya Biashara (TBT), kifungu 2.7, unamtaka mwanachama alifikirie kwa nia njema suala la kukubali kanuni za mwenzake hata zikiwa tofauti na zake, mradi ameridhika kwamba zinatimiza malengo yake. Anayetakiwa kuridhika ni nchi inayoagiza. Wewe unaomba lipi kati ya hayo mawili?

Jedwali_Refu #4
La pili. Usawa kamili.

DadaMkaguzi #5
Basi jibu lako liko kwenye mambo ambayo jedwali haliwezi kuyabeba. Nimeshiriki timu za tathmini, upande wa wanaopima. Sheria tunaisoma, tunaridhika au haturidhiki, tunaiweka pembeni. Kazi inaanzia hapo. Mkaguzi akikuta kasoro kubwa ana uwezo wa kusimamisha uzalishaji, au anaandika barua inayopanda ngazi hadi ipoe? Aliyeacha kazi kiwandani juzi anaruhusiwa kukikagua kiwanda hichohicho leo? Wakaguzi wawili wakipita mahali pamoja kwa nyakati tofauti, ripoti zao zinakubaliana au zinapingana? Taarifa ya bidhaa mbovu ikitoka, sisi tunaipata kutoka kwenu au tunaisoma magazetini?

Chukua ukaguzi wa viwanda vya dawa, kanuni za utengenezaji bora (GMP). Makubaliano yale ya 1998 yalikuwa na kiambatisho cha dawa chenye kipindi cha mpito cha miaka 3. Kikaisha bila usawa kuthibitishwa, kazi ikalala. Waliporudi mezani walibadili njia. Kuanzia 2014 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilituma watu wake kushuhudia mamlaka za dawa za Ulaya zikikaguliwa na wenzao. Kiambatisho kipya kikaanza kufanya kazi tarehe 1 Novemba 2017 na nchi 8 tu za Ulaya. Slovakia, ya mwisho kati ya 28, ilikubaliwa Julai 2019.

Sasa fikiria: mwongozo wa GMP wa Umoja wa Ulaya ni mmoja kwa nchi zote hizo. Kama wangekuwa wanapima maandishi, si wangesoma mara moja wakamaliza? Walipima kila mamlaka kivyake.

Ngarawa #6
Asante dada. Swali: na Ulaya nayo iliikagua FDA, au ilikuwa ya upande mmoja?

DadaMkaguzi #7
Iliikagua. Uamuzi wa Ulaya kuhusu FDA ulitoka Juni 2017. Na kila upande ulibakiza haki ya kwenda kukagua wenyewe ukiona sababu. Chanjo na dawa zinazotokana na plazma ya damu hazikuingia mwanzoni. Usawa hutolewa kwa vipande, mamlaka kwa mamlaka, bidhaa kwa bidhaa.

Kitovu #8
Dada anaeleza vizuri, ila anaeleza siku za amani. Mleta uzi amegusa kitu cha kweli na ninyi mnampeleka kwenye mafunzo ya wakaguzi.

Uswisi ina makubaliano ya kutambuana na Umoja wa Ulaya yaliyoanza kutumika mwaka 2002. Ulaya ilipotunga kanuni mpya ya vifaa tiba, Uswisi ikarekebisha sheria yake ifanane nayo. Wakaguzi walewale, viwanda vilevile, uzoefu wa kutambuana wa karibu miaka 20. Tarehe 26 Mei 2021 kanuni mpya ikaanza kutumika Ulaya, na kifungu cha vifaa tiba hakikusasishwa. Kwa usiku mmoja Uswisi ikawa nchi ya nje: mtengenezaji wake akahitaji mwakilishi ndani ya Umoja na lebo mpya. Sababu? Mazungumzo ya mkataba mpana wa kisiasa yalikuwa yamekwama. Siku hiyohiyo, tarehe 26 Mei, serikali ya Uswisi ikatangaza kuyavunja.

Niambieni mkaguzi gani alishindwa kazi hapo. Na haikuwa mara ya kwanza. Usawa wa masoko ya hisa ya Uswisi uliachwa ufe tarehe 30 Juni 2019 kwa ajili ya mkataba huohuo.

Zumari #9
Kitovu leo kaja na tarehe mfukoni.

KalamuNyekundu #10
Kitovu, tarehe zako ni sahihi, tafsiri ndiyo ninayoipinga. Kunakili sheria leo ni picha ya leo. Ulaya ilichokuwa inakitaka kwenye ule mkataba mpana ni pamoja na utaratibu wa Uswisi kuendelea kufuata sheria ZINAPOBADILIKA, na nani aamue pande mbili zikigombana. Ukiwa mdhibiti hilo ni swali la kiufundi kabisa: je, kesho mwenzangu atabaki nilipo, au ataondoka na soko langu likiwa wazi? Nakubali siasa ilishika usukani. Sikubali kwamba chini yake hapakuwa na hoja.

Kitovu #11
Hoja hiyo ilikuwepo tangu 2002 na haikumsumbua mtu hadi ilipohitajika kama fimbo. Tuendelee.

Mzee_wa_Maabara #12
Vijana, nasoma nasikitika kidogo mnavyoongea kana kwamba usawa haupimiki kwa namba. Kuna mahali unapimika.

Mwaka 1999 taasisi za taifa za vipimo zilisaini mjini Paris makubaliano ya kutambuana yanayoitwa CIPM MRA. Taasisi haiaminiwi kwa sababu ya sheria yake. Kitu kimoja, tuseme kipande cha chuma cha kilo moja, kinazungushwa kutoka taasisi hadi taasisi. Kila moja inapima bila kuona majibu ya wenzake. Kisha inakokotolewa thamani ya marejeo, na kila taasisi inapewa kiwango chake cha usawa: umbali wake kutoka kwenye marejeo, pamoja na shaka ya kipimo kwa uhakika wa asilimia 95. Matokeo yanawekwa hadharani kwenye hifadhidata ya BIPM, ofisi ya kimataifa ya vipimo. Aliyekosea anaonekana na dunia nzima.

Juu ya msingi huo zinakaa maabara za upimaji zenye ithibati ya ISO/IEC 17025, yaani kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na wanaotoa ithibati nao hukaguliwa na wenzao chini ya makubaliano ya mwaka 2000 ya ILAC, jumuiya ya kimataifa ya watoa ithibati wa maabara. Mleta uzi, jedwali lako lina safu ngapi za matokeo ya kipimo? Nahisi hakuna.

Zumari #13
Mzee akianza na kilo na mita ujue hatulali. Ila hapo kwa kuonekana na dunia nzima umenigusa. Mamlaka za udhibiti zingewekwa wazi namna hiyo, huu uzi usingekuwepo.

Ripoti_Kwapani #14
Mzee heshima yako, ila naomba nilete yaliyonikuta. Maabara yetu ina ithibati, na mtoa ithibati wetu ni mwanachama kamili wa hayo makubaliano ya ILAC. Ripoti ikapelekwa kwa mamlaka moja ya nje pamoja na shehena ya mteja. Ikakataliwa, vipimo vikarudiwa kule kwa gharama ya mteja, na matokeo yakatoka yaleyale. Tulipouliza, jibu lilikuwa sentensi moja: "hatutambui." Sasa hiyo nembo inatusaidia nini?

Mzee_wa_Maabara #15
Pole mwanangu. Makubaliano ya ILAC ni kati ya watoa ithibati. Yanasema cheti cha mtoa ithibati huyu kina uzito sawa na cha yule. Serikali haikusaini. Mdhibiti anaweza kuyategemea, na wengi wanafanya hivyo, lakini hakuna anayemlazimisha. Unachohitaji ni kifungu katika sheria ya nchi inayoagiza, au makubaliano ya serikali kwa serikali yanayoitaja ithibati hiyo.

DadaMkaguzi #16
Na umuulize mteja kama ile shehena ilidaiwa kipimo kwa mbinu maalum. Mara nyingi ripoti hukataliwa kwa sababu maabara ina ithibati, lakini si kwa MBINU hiyo. Upeo wa ithibati ndio wa kusoma, nembo hutangulia tu kukaribisha macho.

Ripoti_Kwapani #17
Mbinu ilikuwemo dada. Nilikagua hilo kwanza.

Ngarawa #18
Mimi naona tatizo ni moja: hakuna anayemwamini mwenzake baada ya zile ndege za Boeing 737 MAX kuanguka. Ulaya ilivunja makubaliano na Marekani pale pale.

Fundi_Ndege #19
Ngarawa, hapana, haikuvunja. Hili ni eneo langu, ngoja niliweke sawa.

Makubaliano ya usalama wa anga kati ya Ulaya na Marekani yalianza kutumika Mei 2011 na yapo hadi leo. Chini yake EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, hupokea kazi ya FAA, mwenzake wa Marekani, na kiasi cha kurudia uhakiki hutegemea ugumu wa jambo lenyewe: mengine hupokelewa moja kwa moja, mengine huangaliwa upya kwa kina. Ajali ya kwanza ilikuwa Oktoba 2018, ya pili Machi 2019, watu 346 kwa jumla. Kilichobadilika ni kwamba EASA ilitangaza itaichunguza ndege ile yenyewe kabla ya kuirudisha angani. FAA iliiruhusu Novemba 2020, EASA ikafuata Januari 2021.

Na hata waliporidhika wote, hawakutoka na masharti yanayofanana. Ulaya iliruhusu marubani kukata umeme wa kitetemeshi cha usukani kinapotoa onyo la uongo, ili wasivurugwe wakati wa kuokoa ndege. Kanada nayo iliruhusu. Marekani haikuweka hilo. Ni ndege moja, na mamlaka hizi zinaheshimiana kwa miaka mingi.

Somo nililolichukua mimi kazini: sheria za pande mbili za uthibitishaji wa ndege zilikuwa karibu sana wakati wote. Kilichofichika kilikuwa kiasi cha kazi ambacho mdhibiti alimkabidhi mtengenezaji ajikague mwenyewe. Jedwali la vifungu lisingekionesha. Nikisikia mtu anasema tathmini ya namna ya kutekeleza ni urasimu, nawakumbuka wale abiria.

DadaMkaguzi #20
Asante Fundi. Hili la kukabidhi kazi ndilo ninalolitafuta mimi kila ninapofungua faili la nchi.

Nyavu_na_Kasa #21
Naona wote mnapima mashine ya udhibiti na hakuna anayeuliza matokeo. Kesi ya kamba na kasa pale WTO ilishalijibu hili. Marekani ilizuia kamba kutoka nchi ambazo wavuvi wake hawakutumia kifaa cha kumtoa kasa wavuni. India, Malaysia, Pakistan na Thailand wakashtaki. Mwaka 1998 Chombo cha Rufaa kikasema kulinda kasa ni lengo halali, lakini kuzitaka nchi nyingine ziwe na mpango uleule wa Marekani, bila kujali hali zao, ni ubaguzi usio na haki. Marekani ikarekebisha: mpango wako uwe na UFANISI unaolingana na wetu. Malaysia ikapinga tena, ikashindwa mwaka 2001.

Kwa hiyo kipimo ni je, kasa wanatoka wavuni? Kifungu kifanane kisifanane si hoja.

KalamuNyekundu #22
Kesi nzuri, ila tahadhari: ile iliamuliwa chini ya GATT, mkataba wa jumla wa biashara ya bidhaa, haikuwa chini ya kifungu cha usawa cha TBT. Mantiki yake inasaidia, haikupi haki ya kudai utambuzi.

Nyavu_na_Kasa #23
Sawa, basi chukua ya fedha. Taasisi zinazosimama kati ya muuzaji na mnunuzi katika masoko ya mikataba ya fedha hukusanya dhamana kutoka kwa wanachama wao. Ulaya ilikuwa inakokotoa kwa hasara inayoweza kutokea ndani ya siku 2, baada ya kufuta madeni yanayofutana. Marekani siku 1, lakini kwa kila mteja kivyake, bila kufutanisha madeni ya mteja mmoja na ya mwingine. Ukisoma maandishi, siku 2 ni kali kuliko 1. Ukipiga hesabu ya fedha inayobaki kwenye akiba, ya Marekani mara nyingine inazidi. Wakabishana miaka, wakaelewana mwanzoni mwa 2016 kwa masharti. Kanuni tofauti kabisa, matokeo yanayokaribiana, usawa ukatolewa. Ndiyo kinyume cha jedwali la mleta uzi, lenye kanuni zilezile na usawa ukanyimwa.

Fundi_Ndege #24
Tatizo la kupima matokeo peke yake ni kwamba kwenye usalama matokeo mabaya huja kwa nadra. Ndege ile ilikuwa na rekodi safi hadi ilipoanguka. Huwezi kusubiri ajali ndiyo ujue mfumo haulingani.

Mhandisi_Mpya #25
Samahani kama natoka nje ya mada. Mimi shahada yangu ya uhandisi iko chini ya Makubaliano ya Washington ya 1989. Nilidhani nikifika nchi nyingine mwanachama naanza kazi. Nikaambiwa nifanye mtihani na nionyeshe uzoefu. Si ndiyo hiihii ya usawa kunyimwa?

KalamuNyekundu #26
Huko nje ya mada sana mbona. Yale yanatambua kwamba PROGRAMU za masomo zinalingana kwa kiasi kikubwa. Leseni ya kufanya kazi ni uamuzi wa bodi ya nchi husika. Shahada imetambuliwa, wewe bado hujatambuliwa.

Zumari #27
Kalamu punguza makali, kijana ndiyo kwanza anaanza maisha.

Ngarawa #28
Kuna njia nyingine hamjaigusa. Australia na New Zealand, tangu Mei 1998: bidhaa inayouzwa kihalali upande mmoja inauzwa upande wa pili bila kupimwa upya. Hakuna tathmini ya kifungu kwa kifungu. Usawa unachukuliwa kuwa upo, na anayetaka kukataa ndiye mwenye mzigo wa kutoa sababu. Kwa nini wengine hawafanyi hivyo?

DadaMkaguzi #29
Kwa sababu ni nchi mbili zilizojuana muda mrefu, na hata hizo ziliweka orodha ya vitu vya kutoguswa. Dawa na vifaa tiba viko nje ya utaratibu huo. Walipofika kwenye mwili wa mgonjwa nao walirudi kwenye tahadhari.

Jedwali_Refu #30
Nashukuru wote, nimejaza daftari. Lakini nimebaki na kazi mezani. Bidhaa zetu ni vifaa vya umeme vinavyotumika hospitalini. Wao hawakusema tumepungukiwa wapi, na mimi siwezi kuthibitisha kitu nisichojua kinapimwaje. Nianzie wapi?

KalamuNyekundu #31
Anzia kwa kuwalazimisha waseme. TBT kifungu 2.5: mwanachama akiombwa na mwenzake, anapaswa kueleza uhalali wa kanuni yake ya kiufundi yenye athari kubwa kwa biashara. Ombi lipite serikalini, lisitoke kwenu. Kwa kila kifungu muhimu ombeni lengo lake: kinazuia mshtuko wa umeme, kinazuia kifaa kuvuruga kingine, au ni cha ufuatiliaji baada ya kuuzwa? Ukishapata malengo, jedwali lako libadilike kutoka "kifungu kwa kifungu" kuwa "lengo, njia yetu ya kulifikia, ushahidi kwamba tunalifikia".

DadaMkaguzi #32
Na safu ya ushahidi msijaze sheria tena. Wekeni ripoti za ukaguzi zenye kasoro mlizozikuta na hatua mlizochukua hadi mwisho. Mamlaka inayoleta ripoti safi tupu hunitia wasiwasi kuliko inayoonyesha viwanda ilivyovifungia. Kisha muwaalike waje kushuhudia ukaguzi bila nyinyi kuchagua kiwanda.

Kitovu #33
Fanyeni yote hayo, ni mazuri. Wakati huohuo mtafuteni balozi wenu mumuulize kuna mazungumzo gani mengine yamekwama. Dada, kifaa cha Uswisi kilichotoka kiwandani tarehe 25 Mei 2021 na cha tarehe 27, mkaguzi gani aliona tofauti?

DadaMkaguzi #34
Hakuna. Na wewe niambie, Slovakia kusubiri hadi Julai 2019 ilhali jirani zake wamepita, hiyo ilikuwa siasa ya nani?

Ngarawa #35
Kuhusu ombi la Kalamu, nilisoma kwamba nchi inayoagiza ina miezi 6 ya kujibu. Wakipita hapo inakuwaje?

KalamuNyekundu #36
Hiyo miezi 6 iko kwenye uamuzi wa Kamati ya SPS wa 2001, unaohusu chakula, wanyama na mimea. Na ni muda wa kawaida wa kujibu ombi, si wa kutoa uamuzi. Vifaa vya hospitalini viko chini ya TBT, na kifungu 2.5 hakitaji siku. Jedwali, muombe ofisi ya maulizo ya TBT ya nchi yenu ipeleke ombi na kuweka kumbukumbu ya tarehe. Wakikaa kimya, suala lipandishwe kwenye Kamati ya TBT ya WTO kama hoja mahsusi ya biashara. Huko watajibu mbele ya wanachama wengine.

Jedwali_Refu #37
Nimeelewa. Rasimu naianza leo. Dada, naomba ukipata nafasi unieleze hapahapa: ripoti ya ukaguzi yenye siri za kiwanda mnaipokeaje bila kiwanda kutushtaki?

DadaMkaguzi #38
Hilo hata Ulaya na FDA liliwachelewesha. Lilitatuliwa Agosti 2017 kwa ahadi rasmi ya usiri iliyoruhusu Ulaya kupata ripoti nzima bila kufutwa maneno. Bila hati kama hiyo msipeleke ripoti kamili. Pelekeni iliyofichwa majina ya kiwanda na mbinu za uzalishaji, na muombe hati ya usiri ijadiliwe kwanza, kabla ya jedwali.